Fungua giaboksi ya otomatiki mwenyewe mpaka ibaki ganda, uone gia zinapatikanaje (A340E ya Toyota)

Giaboksi ya manyuali ukiifungua unaielewa ndani ya dakika kumi, unaona gia kubwa na ndogo, unaona uma unasukuma, basi umemaliza. Otomatiki ni kesi nyingine. Ukiifungua mara ya kwanza unakutana na madrumu, pleti nyembamba kama visahani vya chai, seklipu (ringi za chuma za kubana) kila kona, na chini kuna bamba la aluminiamu lenye mifereji kama ramani ya mitaa ya uswahilini, hapo ndo unaanza kuamini yale maneno ya mtaani kwamba hii kitu haifunguliwi, ikifa unanunua nyingine. Mimi niliamini hivyo miaka mingi tu. Siku nilipobeba moja mbovu kwa bei ya skrepa nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi wa siku nyingi anionyeshe, hata spana hajashika akaniambia: "Mwanangu, humo ndani hakuna gia inayohama. Kuna anayeshikwa na kuna anayeachiwa." Sikumwelewa. Nilikuja kumwelewa jioni yake, mikono ikiwa nyekundu kwa oili, na mwongozo huu wote ni kukufikisha kwenye ile jioni.

Kwanza uanze na ipi

Usianze na ya gari unayotembelea. Tafuta iliyokufa. Na usianze na CVT, humo kuna mkanda wa chuma na puli mbili, ni somo lingine kabisa. Mimi nashauri A340E, ya Aisin, gia 4, inayolala kwa urefu wa gari kwa hiyo vitu vimepangwa foleni moja toka mbele mpaka nyuma, sio kama za gari za kuvuta mbele ambapo mambo yamekunjwa na difu imo humo humo. Familia hii ya A340 imeanza miaka ya 80, imekaa nyuma ya injini za 1JZ na 2JZ, ndugu yake wa 4WD yuko kwenye Hilux Surf, hata Jeep Cherokee ya injini ya 4.0 inatumia hii hii ila kule wanaiita AW4. Maana yake skrepa zake zipo, na wanaoijua wapo.

Ni nzito, uzito kama wa mtu mzima, usijifanye una nguvu ukainyanyua peke yako.

Vifaa sio vya ajabu. Soketi kuanzia 10 mpaka 17, racheti, bisibisi bapa mbili nyembamba za kung'olea seklipu, pliers ya seklipu, nyundo ya plastiki au ya mbao, fila geji ya kupimia nafasi, maltimita, beseni kubwa la oili, na kompresa hata ile ndogo ya kujazia tairi inatosha kwa kazi ya kujifunza. Matambara yasiwe yale ya kutoa nyuzi, uzi mmoja ukiingia kwenye valvu unaikwamisha. Halafu mabox matupu na trei za mayai kwa ajili ya vidude vidogo. Simu iwe na chaji, piga picha kila hatua kabla hujashika kitu, utanishukuru.

Konvata

Giaboksi ikiwa imelala, pale mbele kuna dude la duara kama sufuria mbili zimefunikizana zikachomelewa, hiyo ndo toki konvata. Haina bolti inayoishika kwenye giaboksi, unaivuta tu moja kwa moja inatoka, ila ina oili nyingi ndani na itakumwagikia miguuni kama hujaweka beseni. Utaona shingo yake ina nafasi mbili zimekatwa, hizo ndizo zinazozungusha pampu ya oili. Yaani injini ikiwaka tu pampu inazunguka, injini ikizima pampu imekufa, na ndio maana gari ya otomatiki huwezi kuiwasha kwa kusukuma na ndio maana kuivuta kilomita nyingi tairi za nyuma zikiwa chini unaua beringi na bushi kwa ukame, oili ipo ila hakuna wa kuipandisha.

Ndani ya konvata kuna mapanga matatu. La kwanza limechomelewa kwenye ganda, linazunguka na injini na kurusha oili. La pili linatazamana nalo, linapigwa na hiyo oili nalo linazunguka, na ndilo lililoshika shafti ya kuingilia kwenye giaboksi. Chukua feni mbili zitazamanishe, washa moja, ile nyingine itaanza kuzunguka yenyewe, hiyo ndo konvata, badala ya hewa weka oili. Panga la tatu dogo liko katikati, linaitwa stata, kazi yake ni kugeuza oili inayorudi ili isilipinge lile la kwanza bali ilisaidie, na hapo ndo nguvu ya kuondokea inaongezeka. Ingiza kidole shingoni, ugusie meno ya stata uyazungushe. Upande mmoja yanakwenda, upande wa pili yanagoma. Yakienda pande zote mbili konvata imekufa, na gari ya hivyo inakuwa nzito kuondoka ila ikishakolea inakwenda vizuri tu.

Kuna watu wanaikata kwa grainda kwenye mstari wa welding waone ndani. Inawezekana, ila imwage kabisa, iache imeinama usiku mzima, oili iliyobaki inashika moto kwa cheche na moshi wake ni mbaya. Kama huna haraka na konvata acha, somo lenyewe haliko humu.

Sampu na valvu bodi

Toa swichi ya nyutro ubavuni, toa sensa za spidi, toa mfuniko wa nyuma mrefu, toa kengele ya mbele (ganda linalofunika konvata) ina bolti 6. Sasa geuza giaboksi sampu (beseni la oili lililoko chini) iwe juu? Hapana, subiri. Fungua sampu ikiwa bado inaangalia chini, kwa sababu uchafu uliotulia kwenye sampu ndio cheti cha kifo cha giaboksi hiyo na ukiigeuza unaumwagia kwenye valvu bodi (lile bamba la aluminiamu lenye mifereji). Bolti zake ni namba 10, nyingi ila nyepesi.

Angalia sumaku zilizoko kwenye sampu. Ujiuji wa kijivu laini kama wa penseli ni kawaida, kila giaboksi inayo. Vipande vya chuma vinavyoshikwa na sumaku maana yake beringi, gia au pleti za chuma zimekula. Vimeta vya dhahabu visivyoshikwa na sumaku ni bushi. Unga mweusi na oili yenye harufu ya kuungua, hiyo ni karatasi ya klachi. Yangu ilikuwa nyeusi tii kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, nilijua kabisa ninachokwenda kukikuta.

Sasa unaweza kugeuza. Toa chujio, toa vile vibomba vyembamba vya oili kwa kuvinyanyua pole pole na bisibisi pande zote mbili, usivipinde. Chomoa soketi za solenoidi (valvu ndogo za umeme). Kuna waya unaotoka kwenye throto kuja kushika kikamu kidogo, uchomoe pia. Ndio ule mafundi wanauita waya wa kikdauni na kila mtu anapenda kuukaza kaza bila kujua kwamba ule ndio unaoiambia giaboksi dereva amekanyaga kiasi gani ili presha ya oili ipande. Ukilegea presha inakuwa ndogo, klachi zinateleza, zinaungua. Giaboksi ngapi zimekufa kwa waya wa kawaida kabisa!

Bolti za valvu bodi zina urefu tofauti, chukua kipande cha boksi, chora umbo lake, toboa matundu, kila bolti ichomeke mahali pake. Ukiinyanyua valvu bodi kumbuka chini yake kuna pistoni ndogo zenye springi kwenye matundu ya ganda, ni akumuleta, zinapunguza mshtuko wakati gia inaingia. Zinatoka kwa kupuliza hewa kwenye tundu la pembeni, weka tambara juu usije ukapigwa usoni. Kila pistoni na springi yake, usichanganye, springi zinafanana kwa macho ila ugumu tofauti.

Valvu bodi yenyewe ni sandwichi, juu na chini aluminiamu, katikati bati lenye matundu. Kabla hujaitenganisha shika pande zote mbili kwa nguvu uigeuze, kisha nyanyua taratibu kama unaangalia ugali kama umeiva, kwa sababu kuna vigololi vimekaa humo bila kushikwa na kitu. Mimi sikuambiwa. Vyangu viliruka, viwili nilivipata chini ya benchi, kimoja nilikuja kukikuta kwenye kandambili yangu siku ya pili. Kwa mara ya kwanza nashauri usiitenganishe kabisa, isafishe tu na uiweke pembeni, ila solenoidi zipime. Solenoidi nzuri ya hapa inasoma oms 11 mpaka 15, na ukiipa volti 12 inagonga tak. Isiyogonga imekwama hata kama inasoma vizuri.

Na hapa ndo ule "umeme" wote watu wanaouogopa ulipo. Solenoidi mbili tu za gia, namba 1 na namba 2. Gia ya kwanza: namba 1 ina umeme, namba 2 haina. Ya pili: zote zina. Ya tatu: namba 2 peke yake. Ya nne: hakuna hata moja. Soma tena hiyo ya mwisho. Umeme ukikatika kwa zote mbili, ukiwa kwenye D gari itaondokea na gia ya nne, itajivuta kama imebeba kifusi, na fundi asiyejua atakwambia giaboksi imekufa. Weka L, ikiondoka na gia ya kwanza vizuri ujue klachi zako hazina kosa, tafuta waya. Jamaa yangu mmoja alishabadilishiwa giaboksi nzima kwa soketi iliyoliwa na kutu.

Kutoa ya ndani

Simamisha giaboksi mdomo ukiangalia juu. Pampu ina bolti 7, ukishazitoa bado haitoki, imeshikwa na oringi. Kama huna pula tafuta bolti mbili ndefu zinazoingia kwenye matundu yake yenye uzi, uzitumie kama mikono ya kuivutia, gonga kidogo kidogo pande zote, inalegea. Usiingize bisibisi kwenye uso wake, ukikwaruza hapo umeua. Ndani ni gia ndogo imekaa ndani ya gia kubwa na katikati kuna kipande kama mwezi mchanga, ni pampu ya kawaida tu.

Kuanzia hapa kila unachotoa kipange mezani kwa mstari, upande uliokuwa juu ubaki juu. Kati ya kila drumu na drumu kuna beringi bapa na washa nyembamba, nyingine zinabaki zimeganda kwa oili nyuma ya drumu uliyotoa, zinadondoka baadaye ukiwa umeshasahau zilikuwa wapi. Geuza kila kitu uangalie mgongo wake.

Kinachofuata ni planetari (seti ya gia zinazozungukana) ya ovadraivu, yaani ya gia ya nne, pamoja na klachi yake, inatoka mzima mzima kwa kuvuta shafti. Halafu seklipu kubwa, na pleti za breki ya ovadraivu. Chini yake kuna ukuta wa chuma unaoitwa sapoti, hapa ndo watu wengi wanakwama wanapiga nyundo masaa mawili: ukiacha seklipu yake ya juu, kuna bolti 2 zinaingia kutokea ubavuni, upande ule wa valvu bodi. Zitoe hizo kwanza.

Sapoti ikitoka, zinakuja klachi mbili zimekumbatiana, ya mbele (ya kwenda mbele) na ya moja kwa moja. Nje yake kuna bendi ya chuma inayozunguka drumu, ina pini yake. Halafu ringi ya planetari ya mbele, kisha seklipu ndogo kwenye shafti ya kutokea (ndogo lakini bila hiyo hutoi kitu), planetari ya mbele yenyewe, halafu jua (gia ya katikati) na wanwei (inayozunguka upande mmoja tu) iliyoko mgongoni mwake, breki ya pili na pleti zake, na mwisho planetari ya nyuma inatoka na shafti ya kutokea. Chini kabisa zinabaki pleti za breki ya rivasi. Kitu kingine ni ule ukucha wa P, kichuma kinachoangukia kwenye meno ya gia iliyofungwa na shafti ya kutokea. Uangalie ukubwa wake halafu fikiria unavyopaki mlimani bila handibreki.

Jioni yenyewe

Osha planetari mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa petroli au dizeli, zipulize, zirudishe kwenye shafti ya kutokea, nje, juu ya benchi. Shafti isimamishe kwenye tundu la ubao. Katikati jua, linalozungukwa na vigia vidogo ndo sayari, sayari zimeshikwa na kibebeo, nje ya yote ringi yenye meno kwa ndani. Jua hapa ni moja refu linapita kwenye planetari zote mbili, ila hesabu meno: mbele 42, nyuma 33. Ringi zote mbili meno 79. Kibebeo cha mbele na ringi ya nyuma vimefungwa pamoja kwenye shafti ya kutokea. Hayo ndo mahusiano yote ya familia hii, hakuna kingine.

Paka alama ya rangi ya kucha kwenye ringi ya mbele na nyingine kwenye shafti ya kutokea. Sasa mwambie mtu ashike kibebeo cha nyuma kisiende popote, wewe zungusha ringi ya mbele mwendo wa saa. Hesabu. Ukizungusha mara 28 shafti ya kutokea imezunguka mara 10. Hiyo ni gia ya kwanza, kitabu kinasema 2.804. Na angalia jua wakati unazungusha, linarudi nyuma, linazunguka kinyume na wewe.

Achieni kibebeo. Safari hii shika jua kwa vidole lisirudi nyuma, zungusha tena ringi ile ile. Mara 15 na kitu, kutokea mara 10. Gia ya pili, 1.531. Hujatoa gia yoyote, hujaingiza gia yoyote, meno yote yameng'atana vile vile, umehamisha tu mkono toka kwenye kibebeo kwenda kwenye jua. Sasa shika jua na ringi pamoja uzungushe, kila kitu kinazunguka kama tonge moja, mara moja kwa mara moja, gia ya tatu. Na rivasi: shika kibebeo cha nyuma, zungusha jua. Shafti inarudi nyuma, 2.393, ambayo ukigawa 79 kwa 33 unaipata hapo hapo kwenye kalkuleta ya simu. Nilivyoipata hiyo namba mwenyewe kwa kuhesabu meno na kidole nilikaa chini kwanza.

Ya nne inatoka kwenye ile planetari ya ovadraivu iliyokuwa mbele peke yake. Wakati wote jua lake limefungwa na kibebeo chake kwa klachi kwa hiyo linapitisha mzunguko bila kubadili, ila kwenye ya nne klachi inaachia na breki inalishika jua, ringi inakimbia kuliko injini, 0.705.

Sasa mikono yako kwenye giaboksi ni nini? Ni klachi, breki na wanwei. Klachi inafunga vitu viwili vinavyozunguka viwe kimoja. Breki inafunga kitu kwenye ganda kisizunguke. Wanwei ni friwili ya baiskeli tu, upande mmoja inashika upande wa pili inaachia, chukua ile ya mgongoni mwa jua ujaribu mkononi.

Na hapa kuna akili ambayo mimi naipenda kuliko zote humu ndani. Kwenye gia ya kwanza ya D kibebeo cha nyuma hakishikwi na breki, kinashikwa na wanwei kwa sababu chenyewe kinataka kurudi nyuma. Gari inataka kwenda ya pili, valvu inapeleka oili kwenye breki moja tu, jua linasimama, na papo hapo kibebeo kinaanza kwenda mbele, wanwei inaachia yenyewe. Hakuna kilichofunguliwa. Kimeongezwa kitu kimoja na kingine kimejiachia kwa muda wake sahihi, ndio maana husikii kishindo. Bei yake ni kwamba ukiachia mafuta kwenye gia ya kwanza ya D ile wanwei inaachia na injini haikamati gari. Ukishuka Kitonga na D ukitegemea ya kwanza ikuzuie unajidanganya, weka L breki ya rivasi inaingia kusaidia, au weka 2 ile bendi inashika jua pande zote mbili. Hiyo ndo kazi ya hizo herufi, sio za matope tu kama wengi wanavyodhani.

Ndani ya klachi

Chukua drumu ya klachi, toa seklipu ya juu, pleti zinamwagika: moja ya chuma, moja ya karatasi, moja ya chuma, moja ya karatasi. Chini yake pistoni na springi zake. Springi zile zimebanwa, usitoe seklipu yake kwa bisibisi ukiwa umeinamia, tengeneza kibanio cha mabapa mawili na bolti ndefu ubane kwanza. Zikitoka pulizia hewa kwenye tundu la oili pistoni inaruka juu yenyewe. Oili yenye presha inafanya hivyo hivyo, inasukuma pistoni, pistoni inabana pleti, drumu mbili zimekuwa moja.

Pleti ya karatasi nzima ina rangi ya kahawia na mistari au maandishi yake bado yanaonekana, ukiibonyeza na ukucha inatoa oili. Iliyoungua ni nyeusi, imeng'aa kama kioo, inabanduka. Ya chuma iliyopata moto ina madoa ya bluu kama kisu kilichochomwa. Kwenye yangu klachi ya moja kwa moja ilikuwa hivyo, pleti mbili karatasi haikuwepo kabisa, chuma kwa chuma, wakati klachi ya mbele iliyokaa naye mwili kwa mwili ilikuwa bado inasomeka. Chukua pistoni uitikise sikioni, kuna kigololi lazima kilie. Kile kinatoa oili iliyobaki wakati drumu inazunguka bila presha, kikiziba klachi haiachii vizuri, inajisugua mpaka inakufa, na utabadilisha pleti leo zitaungua tena baada ya miezi.

Sasa dalili zinajisoma zenyewe. Gari haiendi mbele kabisa lakini rivasi ipo: klachi ya mbele. Rivasi haipo, mbele inakwenda ila ya tatu haikamati injini inalia tu: klachi ya moja kwa moja, kwa sababu rivasi na ya tatu wote wanaitumia hiyo hiyo, na ndio ilikuwa kesi ya yangu. Rivasi haipo lakini ya tatu nzima: breki ya rivasi, kahakikishe kwa L kwenye mteremko, kama injini haizuii umepata. Ya nne tu ndo inakosekana: kabla ya kulaumu breki ya ovadraivu angalia ile taa ya O/D OFF, watu wanabonyeza kitufe kwa goti bila kujua. Mbele hamna nyuma hamna: pampu, chujio limeziba, au oili imeisha, anza na dipstiki.

Kuirudisha

Hata kama ni ya kujifunzia irudishe, nusu ya somo iko huku. Pleti mpya za karatasi ziloweke kwenye ATF (oili ya otomatiki) angalau robo saa kabla hujaziweka, kavu zinaungua siku ya kwanza. Washa na beringi bapa zishikishe na Vaseline zisidondoke, usitumie grisi, grisi haiyeyuki vizuri inaziba chujio. Kila pakiti ya pleti ipime nafasi yake na fila geji kabla hujaendelea, ikibana sana haiachii, ikilegea sana inachelewa kushika. Ukishusha madrumu ya klachi yazungushe huku na huku kidogo kidogo, utayasikia yanashuka kipande kwa kipande kila pleti inapopata meno yake. Usigonge. Kama drumu iko juu kuliko kwenye picha yako, kuna pleti moja bado haijaingia, na ukilazimisha kwa bolti za pampu umeivunja.

Pampu ikishakaa na bolti zimekazwa, shika shafti ya kuingilia uizungushe kwa mkono, lazima iende. Pulizia hewa kwenye matundu ya oili ya kila klachi kabla valvu bodi haijarudi, unasikia dup, dup, kila moja na sauti yake. Isiyolia hiyo rudi nayo juu ya benchi.

Konvata ndiyo ya mwisho na ndiyo iliyonigharimu. Inapoingia inashuka mara tatu: inapata meno ya shafti ya stata, inapata meno ya shafti ya kuingilia, halafu zile nafasi mbili za shingoni zinapata pampu. Ikishuka mara mbili inaonekana kabisa imeingia, inatulia vizuri, haina mchezo. Mimi nikafunga giaboksi kwenye injini na ile kengele ikabaki wazi kidogo, nikasema bolti zitaivuta, zikaivuta kweli, na tulipowasha ikalia krak mara moja tu, gia ya pampu vipande viwili. Kwa hiyo weka rula kwenye mdomo wa kengele, konvata lazima iwe imezama ndani yake, na ukishasogeza giaboksi mpaka ikutane na injini bila kukaza kitu, ingiza mkono chini uizungushe konvata. Kama haizunguki kwa mkono, irudishe nyuma uanze kuitafuta ile ya tatu upya.